Jenerali wa Mama Meng

Columbus, Ohio
8 Machi 2015

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Shively, na kwamba masikio unayatia ile dawa badala ya kuyasingizia uzee. Sisi huku hatujambo. Theluji imeanza kuyeyuka, viatu vyangu vimeoza, mengine ni salama.

Nimebadilisha kazi. Siendi tena kule kwenye makao ya wazee ya Westerville. Sasa namtunza bibi mmoja wa Kichina nyumbani kwake, mtaa wa Clintonville, mchana na mara nyingi jioni pia, maana mjukuu wake anafundisha chuo kikuu na harudi mapema. Anaitwa Mama Meng. Ana miaka themanini na minane na anajua kununa kuliko wewe. Siku ya kwanza alikataa chai yangu, akakataa uji wangu, akakataa hata nimfunike shali. Basi nikakaa nikatazama picha iliyo ukutani. Ni mwanamume aliyevaa magwanda, mabuti mpaka magotini, upanga kiunoni, na macho ya mtu ambaye humwendei na bahasha. Nikauliza huyu ni nani. Akanijibu kwa Kiingereza kilichovunjika kama changu kwamba ni baba yake, Jenerali Meng, ambaye baadaye alikuwa gavana. Tangu siku hiyo chai yangu anakunywa, mradi nikae nimsikilize.

Na wewe nisikilize, maana huyu mtu amenishinda. Alizaliwa kwa mkulima wa mtama, jimbo la bara kabisa, penye vumbi la njano. Akaingia jeshini akiwa kijana kwa sababu moja tu: jeshini watu walikula. Hakujua kusoma. Akamfulia nguo karani wa kikosi, karani akamfundisha herufi. Enzi hizo China kila jenerali alikuwa na jeshi lake na kipande chake cha nchi, na walikuwa wanararuana. Yeye akapanda cheo kimoja kimoja mpaka akawa jenerali, akaulinda mji mkuu wa jimbo lake majira ya baridi yote, umezingirwa. Adui alipochoka akaondoka, wanajeshi wa jenerali mwenyewe walitaka malipo yao kwa kupora maduka, kama ilivyokuwa desturi. Akaenda yeye mwenyewe kwenye mlango wa soko na kiti chake, akakaa. Hakuna aliyepita.

Wenyeji wakamwomba abaki awaongoze. Serikali ikampa mhuri wa gavana. Jambo la kwanza alilofanya, baba, alikwenda kwa fundi cherehani akashonewa kanzu ya kiraia. Maofisa wake wakamcheka. Akavua magwanda, asiyavae tena mpaka siku ya picha hii, ambayo alilazimishwa.

Nitakuandikia zaidi. Mama Meng ananiita.

Binti yako,
Caritas


Shively, Kentucky
23 Machi 2015

Mwanangu Caritas,

Marahaba. Masikio ni yaleyale. Daktari anasema, mkalimani ananipigia kelele kwenye simu, mimi naitikia ndiyo, wote wanafurahi. Kwa hiyo barua zako ndizo redio yangu, usizifupishe.

Sasa hilo la jenerali. Unanijua mimi na wanajeshi. Walimuua kaka yangu Zabroni mlangoni pake, wakaondoka na ng'ombe wetu kama vile wao ndio waliowachunga. Nilipokuwa mwenyekiti wa kijiji kule kambi ya wakimbizi ya Mtabila, nilisema magwanda hayatakanyaga nyumbani kwangu, si kwa urafiki wala kwa undugu. Unalikumbuka vizuri, nami najua unalikumbuka. Ndiyo maana nimekaa nikajiuliza. Binti yangu, ambaye siku zote ananiandikia bei ya viazi na hali ya hewa, imekuwaje leo ananiandikia habari za mwanajeshi, tena anamsifia mpaka macho?

Lakini mimi si mtu wa kukataa kusikiliza. Nimeongoza watu, najua mahali pa kumpima kiongozi. Kwa hiyo nijibu. Wanajeshi wake walipokuwa hawana vita, walifanya nini? Raia akionewa na mwanajeshi, kesi ilikwenda kwa nani? Na huyo jenerali, alikuwa na mke?

Jibu yote. Hilo la mwisho usilikwepe.

Baba yako,
Karoli


Columbus
19 Aprili 2015

Baba mpendwa,

Shikamoo. Maswali yako nimempelekea Mama Meng kama yalivyo. Alicheka mpaka nikamshika asianguke. Anasema hajawahi kuulizwa habari za baba yake na mtu anayejua cha kuuliza.

La kwanza. Jenerali alisema mwanajeshi asiye na vita ni hasara na ni hatari. Akawapa majembe. Wakachimba mfereji kutoka mtoni mpaka kwenye mashamba makavu, kazi ya miaka, na wa kwanza kushuka shimoni akiwa amekunja suruali alikuwa yeye. Mpaka leo Mama Meng akitaja ule mfereji anakaa wima kitandani.

La pili. Aliweka ngoma kubwa mbele ya ofisi yake. Raia aliyeonewa alikuja akaipiga, na gavana alitoka kusikiliza siku ileile, hata kama alikuwa anakula. Akaweka amri kwamba mwanajeshi haingii katika nyumba ya raia mpaka aitwe na mwenye nyumba. Siku moja yuko safarini, mvua kubwa ikamkuta kijijini. Akasimama chini ya ukingo wa paa la mama mmoja, yeye na farasi wake, wanalowa. Yule mama aliogopa kumkaribisha mwanamume, naye hakubisha hodi, mpaka mvua ikaisha akaenda zake. Baadaye mama akaambiwa yule alikuwa gavana. Akamfuata na mayai, na jenerali akayalipia.

La tatu, ambalo sijui kwa nini limekukaa rohoni. Mke wake alikufa kijana, akamwachia binti mmoja, ndiye Mama Meng. Hakuoa tena.

Séphora, yule dada wa Bukavu ninayepokezana naye kazi, anasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa, "Bon, huyu baba yako anauliza sana. Donc, anataka kuoa bibi yetu?" Nimemwambia nitakuuliza.

Binti yako,
Caritas


Shively
2 Mei 2015

Bwana Jovini,

Salamu nyingi huko Buffalo, kwako na kwa mkeo Angelika. Nakuandikia jambo la siri, na ukimwambia Angelika nitajua, kwa sababu kesho yake Louisville nzima huku kwetu itakuwa inajua.

Unakumbuka desturi ya kwetu. Binti hamtaji mchumba mbele ya baba yake, haya haimruhusu. Humsifia mtu wa mbali asiyehusika, leo hili kesho lile, mpaka baba aelewe mwenyewe aseme mwiteni. Wewe mwenyewe Angelika alikutangaza hivyo. Mwezi mzima alimsifia baba yake fundi baiskeli mmoja wa Kasulu, mpaka mzee akachoka akasema huyo fundi aje. Ukaja wewe, na hata pancha ulikuwa hujui kuziba.

Sasa Caritas ananiandikia habari za Mchina. Eti jenerali! Mtu aliyewahi kuvaa magwanda akayavua, akawa kiongozi wa watu. Halafu mkewe alifariki, ana binti mmoja. Nilisoma hapo nikaweka barua chini nikacheka peke yangu. Hapa Marekani nzima, mimi na wewe tunamjua mtu mmoja tu wa namna hiyo, naye yuko mji wako. Ni Leopoldi.

Nilimkataa kule Mtabila kwa sababu ya magwanda. Alikuja na wazee wake kumposa Caritas, nikawaacha wamesimama juani. Caritas hakusema neno, na tangu hapo hajanionyesha mwanamume mwingine. Nina binti wa miaka thelathini na sita, Jovini, na ninazeeka. Niambie kweli, bila kunipamba, huyo kijana amekuwa mtu wa aina gani?

Mzee mwenzako,
Karoli


Buffalo, New York
30 Mei 2015

Mzee Karoli,

Amani. Pancha nilijifunza baadaye, na Angelika hajawahi kulalamika.

Umeniuliza bila kupamba, sasa vumilia, maana ukweli wenyewe umepambika. Leopoldi anaendesha foklifti kwenye ghala, na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu mara ya pili. Novemba iliyopita theluji ilifunika milango ya watu upande wa kusini. Aliita vijana kwa simu, wakatoka na makoleo, nyumba kwa nyumba, wakianza na wajawazito na wazee. Mimi nilidhani nitafia ndani na mkate mmoja. Niliposikia koleo linakwaruza mlangoni nilifungua nikamwona yeye, barafu kwenye nyusi.

Mwezi huu, nchi yetu kule nyumbani ilipochafuka kwa siasa, watu hapa wakaanza kugombana kanisani, huyu hamsalimii yule, wengine wakataka jumuiya igawanyike. Akawakusanya ukumbini. Akasema kila mtu aseme alichonacho moyoni dhidi ya mwenzake, lakini akiseme amesimama mbele yake, si kwenye simu. Tulikaa tangu ibada ilipokwisha mpaka giza. Watu walilia. Jumuiya ni moja mpaka leo. Nimeishi na viongozi wengi, wewe ukiwa mmoja wao, na sitakudanganya, huyu anakuzidi.

Mkewe Mukashyaka alifariki miaka minne iliyopita. Ana binti, Generoza, wa miaka minane. Columbus hufika mara kwa mara kwa shughuli za jumuiya. Nikaunganisha nikaona umelenga penyewe, basi nikamwambia kwamba mlango wa Mzee Karoli umefunguliwa. Akaomba maji ya kunywa.

Wako,
Jovini


Shively
14 Juni 2015

Mwanangu Caritas,

Nimekuelewa tangu barua ya kwanza, nilikuwa nakuacha umalize. Ulivyolileta jambo lako, hata marehemu mama yako asingelileta vizuri zaidi. Ule mfereji! Ile ngoma! Nimeuliza kwa watu wa kuaminika na yote nimeyakuta ni kweli, isipokuwa farasi.

Basi mwambie Mchina wako aje. Wazee wake nitawapokea, watakaa kivulini, watakunywa. Nilikosea kumpima mtu kwa nguo. Mtu aliyevua magwanda akachimba njia ya watu kutoka majumbani mwao, huyo namtaka awe mkwe wangu, na nitasimama kulisema mbele ya wote. Jovini ameshampelekea neno Leopoldi. Wanataka kuja kabla ya baridi.

Nimefurahi, mwanangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivi.

Baba yako,
Karoli


Columbus
21 Juni 2015

Baba,

Shikamoo.

Jenerali Meng ni Jenerali Meng. Alizaliwa China, akafa China, na binti yake yuko chumba cha pili anakohoa. Sikuwa nakutangazia mtu! Niliandika habari zake kwa sababu zilinigusa, na kwa sababu wewe husikii simu na bei ya viazi imeshakuchosha. Nilimweleza Séphora, akajishika mbavu. "Donc baba yako amekuolesha na Mushinwa mwenye alikufaka zamani!" Yeye anacheka. Mimi nimelia kwenye ngazi za watu.

Jina la Leopoldi sijalitamka tangu Mtabila. Uliwaacha wazee wake juani nami niko nyuma ya pazia la turubai, nawaona wanahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Nilinyamaza kwa kuwa wewe ni baba yangu. Sasa umefungua mlango kwa mkono wako mwenyewe, umepeleka neno Buffalo, hukuniuliza hata kidogo. Atafikiri mimi ndiye niliyetuma watu. Nitauweka wapi uso wangu?

Tena kwa vile jenerali umemfanya mkwe wako, ujue na lile nililoliacha. Hilo sikukuandikia, kwa sababu nilitaka umpende. Jimbo lake lilimpenda kweli. Siku alipoachia ugavana aliondoka kwa miguu, na watu waliweka mabeseni ya maji safi na vioo mbele ya milango, njia nzima. Kwao maana yake ni kwamba ulikuwa msafi kama maji haya, na hukutuficha kitu. Mama Meng alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipita katikati ya mabeseni yote ameshika mkono wa mlinzi, kwa sababu mikono ya baba ilikuwa inasalimia watu. Huyo mlinzi ndiye aliyekula naye kila jioni tangu mama yake afe. Ngoma ikilia, gavana aliacha chakula akatoka. Nimemwuliza Mama Meng kama anamchukia baba yake. Amesema hapana, anamwona mkubwa kuliko watu wote aliowahi kuwaona. "Kila mtu alipata zamu kwa baba," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja yangu."

Waambie wasije.

Caritas


Buffalo
5 Julai 2015

Caritas,

Nimepata anwani yako kwa Jovini. Ningepiga simu, lakini kwenye simu siku hizi naongea kama mwenyekiti, hata nikinunua tairi.

Nimeambiwa kwamba ilikuwa makosa, na kwamba unaona aibu. Usione. Neno lililokuja kwangu nimelirudisha kwa baba yako kwa heshima, na hapa wanaojua ni Jovini na mimi. Na Angelika, bila shaka.

Ila kuna jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Baba yako aliagiza salamu akiniita Jenerali. Mimi sikuwa hata koplo. Walinikuta njiani na mzigo wa mihogo, wakauchukua mzigo na mwenye mzigo. Wakanivisha gwanda la mtu aliyekufa, wakanipa sufuria. Miaka miwili silaha yangu ilikuwa mwiko, mpaka nikapata nafasi ya kukimbia. Mzee hakuniuliza kule Mtabila, nami nilikuwa kijana mwenye kiburi, sikutaka kujieleza kama mwizi.

Jovini amenisomea habari za huyo gavana wako, jinsi baba yako alivyomnakilia. Nimempenda. Hapa watu wanataka nigombee tena mwezi wa nane, na nikisimama ukumbini wananishangilia, sitakuficha, inapendeza. Lakini yule aliyelowa na mvua bila kubisha hodi, huyo ndiye ningetaka kufanana naye.

Mukashyaka nilimpenda. Wewe pia sikukusahau. Yote mawili ni kweli na sijui kuyaandika vizuri zaidi ya hapo.

Leopoldi


Columbus
12 Julai 2015

Leopoldi,

Asante kwa kulirudisha neno. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia, umeniharibia mpango.

Nimezisoma upya nakala za barua nilizomwandikia baba, maana huwa naziandika kwanza kwenye karatasi chafu. Nilitaka nimwonyeshe kwamba amesoma kisichokuwapo. Sina hakika tena. Sikuwa nakutangaza, hilo naapa. Lakini nilikuwa namshawishi baba ampende mwanajeshi, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna mtu aliyeniomba nifanye hivyo.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na ujibu kama Leopoldi, si kama mwenyekiti. Generoza jioni anakula na nani?

Caritas


Buffalo
26 Julai 2015

Caritas,

Anakula kwa Angelika.

Nilipopata barua yako nilikuwa na mkutano. Niliusoma mstari wako wa mwisho nikiwa nimesimama kwenye maegesho ya ukumbi, nikaona naweza kukujibu vizuri sana: kwamba kazi ni ngumu, kwamba jumuiya ni familia, kwamba Angelika ni kama shangazi yake. Yote ni kweli. Nikageuza gari nikaenda kwa Jovini.

Nilimkuta Generoza mezani, amekaa mahali pake. Ana mahali pake, Caritas. Anajua chumvi ilipo, anajua kijiko kipi ni chake. Nikasema leo tunakwenda kula nyumbani. Akaniangalia akauliza, "Kuna mkutano nyumbani?" Nyumba yetu anaijua hivyo, watu wakija ni mkutano.

Tulikula ndizi na maharage. Niliunguza maharage, mimi niliyekuwa mpishi wa jeshi zima. Alikula yote, akanieleza habari za mwalimu wake tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilikuwa simjui huyo mwalimu hata jina.

Jumapili nilisimama mbele ya watu. Nimesema nitagombea, kwa sababu kazi bado ipo na naiweza. Lakini jumuiya itakuwa na watu wanne wa kupokea simu, wawili wakiwa kina mama, na mimi siku za kazi jioni sipatikani, labda nyumba iungue. Wakalalamika. Mzee mmoja akasema mwenyekiti asiyepatikana ni mwenyekiti gani. Nikamwambia naomba anivumilie, nina mtu mmoja aliyengoja muda mrefu kuliko yeye.

Sijafanya hivi ili unikubali. Ukisema hapana, utaratibu utabaki huohuo.

Leopoldi


Columbus
16 Agosti 2015

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua umenuna. Umeniandikia barua mbili zenye hali ya hewa tu, na bei ya viazi. Nimestahili.

Ulisoma vibaya, baba, hilo sitalibadilisha. Ulichukua habari za marehemu wa watu ukazifanya posa, na ukatuma mjumbe kabla ya kuniuliza. Lakini ulipomsoma Leopoldi mwenyewe, safari hii ulimsoma vizuri. Tumeandikiana. Sasa na simu tunapigiana. Amegombea tena na amechaguliwa, na wakati wa chakula cha jioni simu yake inakaa kwenye droo. Hilo nimelithibitisha kwa Angelika, ambaye hana siri.

Mama Meng nimemweleza yote. Aliniambia nimsomee kwa Kiingereza jinsi ulivyomsifu baba yake, kuhusu mfereji na ngoma, nikarudia mara mbili. Akasema kiongozi wa kambi anajua uzito wa kazi hiyo, wengine wanapiga makofi tu. Hapo nimekufikishia, usijivune sana.

Nilitaka kuzungumza na mtoto kabla sijakuandikia. Jana Leopoldi akampa simu, akatoka nje ya chumba. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mazuri, kwamba siji kuchukua nafasi ya mama yake, kwamba tutakwenda polepole. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akaniuliza, kwa Kiingereza chao cha haraka, "Na wewe jioni huwa uko nyumbani?"

Baba, nilijitazama. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa Mama Meng, aproni kiunoni, jua limeshazama, na wiki nzima sikuwa nimekula chakula cha jioni kwangu. Nikamwambia ukweli, kwamba kwa sasa hapana. Akasema "okay," kwa sauti ya mtoto aliyezoea.

Waambie wazee wa Buffalo waje mwezi wa kumi, na Generoza aje nao, akae pale wanapokaa wakubwa. Mimi leo asubuhi nimemwachia Séphora jioni zangu zote.

Binti yako,
Caritas